Deni la Marehemu Katika Oasisi ya Siwa

Alhamdulillah, tumerejea salama kutoka Siwa, oasisi iliyo magharibi mwa Misri, yapata kilomita 50 kutoka mpaka wa Libya. Mara ya kwanza tulifika huko mwaka 2014, tukiwa wanafunzi watatu tuliotoka Cairo kutembea. Safari hii tulikuwa wawili. Mwenzetu wa tatu ametangulia mbele ya haki, na katika wasia wake aliandika deni la pauni 600 za Misri, alizokopeshwa na mzee mmoja wa Siwa siku alipopoteza fedha zake za nauli.

Kutoka Marsa Matruh basi hukata jangwa tupu kwa takriban kilomita 300. Kisha ardhi hushuka chini ya usawa wa bahari, na ghafla macho hulakiwa na mitende, mizaituni, chemchemi na maziwa ya maji ya chumvi. Iskandar wa Makedonia naye alilivuka jangwa hili mwaka 331 kabla ya Miladi, ila yeye alifuata kuhani wa sanamu. Juu ya kilima ungalipo Shali, mji mkongwe uliojengwa kwa karshif, yaani udongo wenye chumvi. Mvua kubwa za mwaka 1926 ziliyeyusha sehemu yake, na wenyeji wakahamia bondeni. Wao ni Amazigh, na nyumbani husema Kisiwi. Kiarabu, kama sisi, wamejifunza.

Njiani tulijadiliana sana. Mwaka 2014 dola moja ilikuwa takriban pauni 7. Kufikia mwaka 2024 ilikuwa imekaribia 50. Je, tulipe 600 zile zile, ilhali thamani yake imeyeyuka kama kuta za Shali? Baraza la Kimataifa la Fiqhi, katika kikao chake cha Kuwait mwaka 1988, liliamua kwamba deni la sarafu hulipwa kwa idadi yake, si kwa thamani yake. Lakini Mtume (SAW) alilipa ngamia bora kuliko aliyemkopa, bila kushurutishwa. Hivyo 600 tulizitoa katika mirathi, na nyongeza mifukoni mwetu, kwani mali ya mayatima haifanyiwi ukarimu.

Mzee tulimkuta shambani, amedhoofika. Alizipokea 600 akazihesabu noti moja moja, kisha akarudia. Nyongeza aliisukuma kwetu.

"Hizi wapeni watoto wake, wanangu. Yeye sasa hana deni nami."

Akatuonyesha safu ya mitende iliyokauka vilele.

"Hii haikufa kwa kiu. Imeuawa na maji."

Visima vimechimbwa vingi kupita kiasi, na bonde halina mahali pa kutolea maji yanayobaki baada ya kumwagilia. Maziwa hupanda, na chumvi hupenya hadi kwenye mizizi. Watalii hupiga picha maji yale ya samawati (nasi mwaka 2014 tulipiga), pasi na kujua kwamba yanakula mashamba. Serikali imechimba mfereji wa kuyaondoa. Mzee anasubiri aone kama utaliwahi shamba lake.

Alitupa kikapu cha tende kwa ajili ya mjane. Tulipomkabidhi, hakukifunua kwanza. Aliuliza kama mzee alizihesabu zile fedha.

Tukamwambia alizihesabu mara mbili.