Kivu Kaskazini: Mbuga ya Virunga ina thamani ya dola ngapi, na nani anazipata?

Dola milioni 48,9 kila mwaka. Hiyo ndiyo thamani ambayo ofisi ya washauri Dalberg iliipa Mbuga ya Taifa ya Virunga mwaka 2013, katika ripoti iliyoagizwa na shirika la WWF. Ripoti iliweka hesabu ya pili pembeni: kama kungekuwa na usalama, barabara na utawala unaofanya kazi, mbuga hiyohiyo ingeweza kufikia dola bilioni 1,1 kwa mwaka na kutoa kazi kwa watu elfu 45.

Zaidi ya miaka kumi imepita. Wakaaji wa Rutshuru, Nyiragongo, Lubero na Beni wanaolima kwenye mpaka wa mbuga hawajaiona bilioni hiyo. Wengi hawajawahi hata kuisikia. Lakini hesabu hiyo inafaa isomwe tena, maana ukiichambua unaona nani anafaidika msitu ukisimama, nani anafaidika ukikatwa, na nani analipa katika hali zote mbili.

Ripoti ilitoka wakati kampuni ya Uingereza SOCO ilikuwa na kibali cha kutafuta mafuta katika kitalu cha V, kinachogusa ziwa Édouard. Mpaka wakati huo, waliotetea mbuga walizungumza zaidi juu ya sheria na gorila, na waliotaka mafuta walizungumza juu ya pesa. Mazungumzo ya namna hiyo hayakutani. Kwa kuandika samaki, maji, umeme na utalii kwa dola, ripoti iliweka pande zote mbili kwenye mizani moja. Mwezi wa sita 2014 SOCO ilikubali kusimamisha kazi zake. Si hesabu peke yake iliyoleta matokeo hayo, kwani UNESCO, mashirika ya raia na wavuvi wenyewe walikuwa wamepiga kelele kwa muda mrefu. Hata hivyo, kuanzia hapo ilikuwa vigumu kusema mbele ya watu kwamba mbuga haizalishi kitu.

Bilioni ile imejengwa na nini? Utalii unachukua dola milioni 235 na uvuvi milioni 90. Umeme wa maji unahesabiwa karibu milioni 10. Kuna pia faida ambazo hazipiti sokoni, kama msitu kushika udongo usiteremke mtoni, kutunza maji na kuzuia hewa ya kaboni isipande angani. Halafu kuna fungu kubwa kuliko yote, dola milioni 700. Hii ni thamani ambayo watu, wengi wao wakiwa mbali na hapa, wanaipa Virunga kwa kuwapo tu: kujua kwamba gorila wa milimani wapo na kwamba wajukuu wao watawakuta.

Hapo ndipo msomaji wa Kivu anapaswa kusimama kidogo. Karibu theluthi mbili za thamani yote ni pesa ambazo hakuna mtu anayezileta kwenye kaunta. Mtu wa Brussels au New York anaweza kusema kwa moyo safi kwamba angelipa kitu ili gorila aishi, lakini hakuna anayemtumia bili. Mkulima wa Kibumba analipa kila siku. Analipa kwa shamba asiloruhusiwa kulima, kwa mihogo na maharagi yanayoliwa na wanyama, na wakati mwingine kwa kufukuzwa. Mbuga iliundwa mwaka 1925, enzi za Wabelgiji, ikapanuliwa katika miaka iliyofuata, na ugomvi juu ya mipaka yake haujaisha mpaka leo. Walinzi nao wanalipa. Zaidi ya 200 wamekufa kazini katika miaka hii ya vita, 12 kati yao siku moja, tarehe 24 mwezi wa ine 2020, karibu na Rumangabo.

Jambo hilo linaonekana wazi kuliko pengine popote katika jiko la Goma. Familia nyingi za mji huo zinapika kwa makala, na sehemu kubwa ya makala hayo imetoka kwa miaka mingi ndani ya mbuga, kwa kupitia mikono ya wachomaji, madereva, wauzaji na makundi ya silaha yanayotoza kila gunia. Biashara hiyo ina nguvu. Mwezi wa saba 2007 gorila wa familia ya Rugendo walipouawa kwa risasi bila hata kuchukuliwa nyama, uchunguzi ulielekezwa kwa watu wa makala, ambao gorila walikuwa wanawazuilia msitu.

Wakati huohuo, mji huo unanunua umeme wa mtambo wa Matebe, uliojengwa na mbuga kwenye mto Rutshuru na kufunguliwa mwaka 2015, wenye nguvu ya megawati 13 hivi. Kwa hiyo Goma inanunua kwa Virunga mara mbili. Mara moja kwa umeme, na risiti inatoka. Mara nyingine kwa makala, bila risiti, na pesa zinaenda mahali ambapo mbuga na serikali hazifiki.

Mama wa nyumbani hana kosa katika jambo hili. Makala yanauzwa kidogokidogo, kwa kadiri ya pesa iliyopatikana siku hiyo. Umeme unataka kwanza mtu alipe kuunganishwa, halafu anunue jiko na sufuria zinazofaa. Ndiyo maana nyumba nyingi zenye umeme zinautumia kwa taa na simu, na chakula kinabaki kwenye mbabula. Kama hesabu ya thamani ingetumiwa kupanga matumizi, si kupamba ripoti, pesa za kwanza zingewekwa hapo: kumlipia mama huyo gharama ya kuanza. Njia nyingine imejaribiwa tangu mwaka 2007 na mradi wa EcoMakala wa WWF, ambapo wakulima wanapanda miti ya makala kwenye mashamba yao wenyewe, nje ya mbuga. Maelfu ya hekta yamepandwa, lakini mti unataka miaka na tumbo halingoji.

Ziwani hesabu ni ya namna nyingine. Miaka ya 1970 upande wa Kongo wa ziwa Édouard na mito yake ulikuwa na viboko karibu elfu 30. Vita na uwindaji viliwashusha chini ya elfu moja katikati ya miaka ya 2000. Kiboko anakula majani usiku nchi kavu, na mchana anarudisha mavi yake majini. Mavi hayo yanalisha viumbe vidogo ambavyo tilapia hula. Viboko walipokwisha, ziwa lilipoteza mbolea yake. Wavuvi wa Vitshumbi, Kyavinyonge na Nyakakoma, vijiji vitatu vinavyotambuliwa kisheria, waliona samaki wakipungua, ingawa nyavu ndogo na mitumbwi isiyo na kibali nayo imechangia sana. Milioni 90 za uvuvi haziwezi kupatikana bila kumhesabu mnyama huyo ambaye watalii hawamfuati.

Kwa utalii, jirani wametangulia mbali. Rwanda inauza kibali cha kuona gorila kwa dola 1.500, na tangu mwaka 2017 inatoa asilimia 10 ya mapato ya utalii wa mbuga zake kwa wakaaji wa pembeni. Zamani ilikuwa 5. Virunga iliuza kibali kwa dola 400, nao ni gorila wa milima ileile, wanaovuka mpaka bila pasipoti. Halafu vikaja utekaji nyara wa watalii mwaka 2018, korona mwaka 2020, na kurudi kwa vita vya M23. Tangu hapo utalii wa gorila upande wa Kongo umesimama. Mbuga iliyotegemea utalii peke yake ingekuwa imekwisha kufunga milango.

Haikufunga, kwa sababu haikuweka mayai yote kwenye kapu moja. Huko Mutwanga, teritware ya Beni, maji yanayoshuka kutoka Ruwenzori yanaendesha mtambo mdogo, na umeme wake umeleta kiwanda cha sabuni na cha chokoleti inayotengenezwa kwa kakao ya wakulima wa hapo. Huko Luviro, Lubero, mtambo ulikuwa na umeme kabla ya kuwa na wateja wa kutosha, basi tangu mwaka 2020 mbuga ikawasha kompyuta za kutafuta Bitcoin. Wengi walicheka. Lakini mishahara ya walinzi ilihitaji kulipwa wakati hakuna mtalii hata mmoja, na mto ulikuwa unapita bure.

Serikali nayo imeanza kuzungumza lugha ya hesabu, ingawa kwa kigeugeu. Mwezi wa saba 2022 iliweka vitalu 27 vya mafuta kwenye mnada, vingine vikiingia ndani ya Virunga; mwezi wa kumi 2024 ikaufuta mnada huo. Mwezi wa kwanza 2025 ikaunda Ukanda wa Kijani Kivu-Kinshasa, wenye kilometa za mraba elfu 540. Mpango wake unaahidi kazi elfu 500, na kupeleka Kinshasa tani milioni moja za chakula cha Kivu kila mwaka, huku msitu ukilindwa. Ukanda huo unaanzia Virunga. Kabla mwezi huo haujaisha, M23 waliingia Goma.