Uvimbe Mbele ya Sikio: Usidhani Ni Matubwitubwi Tu

Mwaka jana mkulima mmoja mwenye ualbino alifika ofisini kwetu kuuliza habari za mbolea. Nikaona shavu lake limevimba mbele ya sikio la kulia. Nikamwuliza, "Mzee, hilo ni jino?" Akajibu, "Niliambiwa ni matubwitubwi. Sasa ni mwezi wa nne." Matubwitubwi hayakai miezi minne. Nilimsihi aende hospitali kubwa, na niliyojifunza kwa habari yake ndiyo ninayowaandikia wasomaji leo.

Kila mtu ana jozi tatu za tezi kubwa za mate: moja mbele ya masikio, ya pili chini ya taya, na ya tatu chini ya ulimi. Ile ya masikioni ina jambo la pekee, kwa maana ndani yake mna tezi ndogo za limfu. Hizi huchuja maji yatokayo katika ngozi ya kichwa, paji la uso, kope, masikio na mashavu. Basi saratani ikianza katika ngozi hiyo, chembe zake zaweza kusafiri na kunaswa humo, hata kama kidonda chenyewe kilikatwa na kupona zamani.

Wafugaji hawatashangaa. Ng'ombe wa Hereford, wenye uso mweupe, hupata saratani ya jicho kwa ukali wa jua, na ugonjwa ukienea huingia katika tezi ya limfu iliyo karibu na sikio. Mkaguzi wa nyama huipasua na kuitazama.

Je, daktari hutambuaje?

Kwanza, huuliza maswali. "Umewahi kukatwa kidonda au alama usoni, sikioni au kichwani?" Mzee wetu alikumbuka kwamba miaka miwili nyuma alikatwa kidonda cha sikio katika kliniki moja, na kile kinyama kikatupwa bila kupelekwa maabara. Jibu hilo ndilo lililoonyesha njia.

Pili, hutazama na kupapasa. Hukagua ngozi yote ya kichwa, hata chini ya nywele na nyuma ya masikio, kisha kinywa na shingo. Uvimbe mgumu usiosogea ni dalili ya kutia shaka. Mdomo ukienda upande, au jicho likishindwa kufumba, shaka huzidi, kwa kuwa neva inayoendesha uso hupita katikati ya tezi hiyo.

Tatu, huingiza sindano nyembamba, mara nyingi akiongozwa na altrasaundi, na kuvuta chembe chache zitazamwe kwa hadubini. Zikiwa za saratani ya skwamasi, daktari hasemi upesi kwamba ugonjwa ulianzia katika tezi, maana jambo hilo ni nadra sana. Hutafuta ngozini kwanza. Zikiwa za melanoma, maabara huzitambua kwa dawa maalum za rangi. Mara chache chembe hutoka mbali, kama vile katika figo, pafu au titi.

Nne, hupiga picha za skani za kichwa, shingo na kifua, ili ajue ugonjwa umefika wapi kabla ya kuchagua matibabu.

Usiogope bure, kwa sababu uvimbe mwingi wa tezi hii si saratani. Lakini lazima ujulikane ni nini. Usikubali upasuliwe ovyo kama jipu, maana kufanya hivyo kwaweza kutawanya chembe za ugonjwa.

Mzee wetu alifanyiwa upasuaji, kisha akatibiwa kwa miale. Mdomo wake umebaki umepinda kidogo. Hata hivyo, mwezi uliopita nilimkuta jioni akipalilia maharagwe, amevaa kofia pana na shati la mikono mirefu.

Basi, mkulima, kumbuka haya:

1. Kidonda cha ngozi kisichopona kwa mwezi mmoja kionyeshe daktari.

2. Kinyama chochote kikikatwa, uliza kama kitapelekwa maabara, na karatasi ya majibu uitunze kama hati ya shamba.

3. Uvimbe mbele ya sikio au chini ya taya usiopungua kwa wiki tatu, nenda hospitali, na umwambie daktari habari za vidonda vya zamani hata asipouliza.

4. Jua la mchana ni kali kwa kila mtu, na kwa mwenye ualbino ni hatari kubwa. Lima asubuhi na jioni, vaa kofia, na upake mafuta ya kukinga jua.