Joto la Machi na Amani ya Chumbani

Akina mama wenzetu wa Dar es Salaam, mwezi wa Machi kaskazi inapofifia na masika hayajashika, usiku huwa mrefu. Baba anashusha kiyoyozi hadi nyuzi 16, mtoto anajikunyata, na asubuhi uniti za LUKU zimekwisha.

Tusigombane. Kwa mashine za kawaida, nyuzi 16 hazipoozi chumba upesi zaidi; huifanya mashine isipumzike tu. Tuweke 25 au 26, tuwashe na feni taratibu, maana upepo hukausha jasho. Mchana tufunge mapazia upande wa jua. Kila baada ya wiki mbili tuoshe chujio la vumbi, likauke ndipo tulirudishe. Mtoto asilale mkabala na upepo wa mashine.

Fedha itakayosalia itanunua maziwa.