Kiunzi cha Vitu Vinyumbufu katika Uhuishaji wa Kompyuta

Katika uhuishaji wa kompyuta, yaani sanaa ya kuvipa mwendo vitu vilivyochorwa kidijitali, sanduku huhitaji kuhamishwa na kuzungushwa tu, ilhali mkia, mkonga au kamba hubadili umbo kila vinapotikiswa. Kwa kuwa sekunde moja ya filamu kwa kawaida huwa na fremu 24, yaani picha tuli zinazofuatana, kuupinda mkia kwa mkono katika kila fremu ni kazi isiyokwisha. Ndiyo sababu kitu kinyumbufu hujengewa kiunzi, ambacho ni mfumo wa mifupa isiyoonekana kwenye picha, nayo ikisogezwa, ngozi ya kitu hicho huifuata.

Mifupa hupangwa kwa mnyororo kuanzia shina hadi ncha, kila mmoja ukirithi mwendo wa ule uliotangulia, na idadi yake ndiyo inayoamua ulaini wa mkunjo: nyuzi 90 zikigawiwa viungo vitatu, kila kimoja hukunjwa nyuzi 30 na kona huonekana wazi, lakini zikigawiwa viungo tisa, kila kimoja hubeba nyuzi 10 tu na jicho huona tao moja. Ngozi yenyewe ni wavu wa nukta, na kila nukta hupewa uzito, yaani kiwango cha utii wake kwa mfupa fulani. Nukta inayoitii mifupa miwili nusu kwa nusu huwekwa kwenye wastani wa mahali ambapo kila mfupa ungeipeleka. Wastani huo una kasoro, kwani mfupa mmoja ukisokotwa nyuzi 90 zaidi ya mwenzake, unene wa ngozi katikati yao hupungua kwa karibu asilimia 29, na ukisokotwa nyuzi 180, ngozi hubanwa kabisa kama karatasi ya pipi. Msokoto huo ukigawanywa kwa viungo sita, upungufu katika kila kiungo hushuka hadi asilimia 3 na ushei.

Kiunzi kikishakamilika, kujipinda kwa kitu bila kuguswa hupatikana kwa njia mbili. Ya kwanza ni ucheleweshaji, ambapo kila mfupa huiga mzunguko wa ule uliotangulia baada ya fremu kadhaa. Katika mkia wa ng'ombe wenye mifupa minane, ucheleweshaji wa fremu 2 kwa kila mfupa huifanya ncha ianze kusogea fremu 14 baada ya shina, yaani zaidi kidogo ya nusu sekunde, na wimbi hilo ndilo linaloufanya mkia uonekane mzito. Njia hii ni nyepesi, ila haitambui vizuizi, hivyo mkia huweza kupenya ukuta.

Njia ya pili huiga fizikia: ncha ya kila mfupa hupewa tungamo na kuvutwa na springi, lakini springi ikiwa ngumu mno, hesabu hupitiliza katika kila hatua hadi kitu hutawanyika. Thomas Jakobsen, katika mchezo wa Hitman: Codename 47 wa mwaka 2000, alilikwepa tatizo hilo kwa kanuni ambayo mwanafizikia Mfaransa Loup Verlet aliitumia mwaka 1967 kufuatilia mwendo wa molekuli. Kila nukta hukumbuka ilipo na ilipokuwa, tofauti ya hapo pawili ikachukua nafasi ya kasi, kisha umbali kati ya nukta husahihishwa mara kadhaa hadi ukaribie urefu wake wa asili.

Hata hivyo, si kila mwendo unaofaa kuachiwa kompyuta. Mkonga wa tembo unaponyooka kuchuma tawi, huo ni mwendo wa nia, na mhuishaji ndiye anayeujua. Unapoyumba kwa sababu kichwa kimegeuka, hayo ni matokeo, na hesabu hutosha. Kwa hiyo kiunzi kilichoundwa vizuri huwa na kidhibiti cha kuanzia 0 hadi 1 kwa kila sehemu ya mnyororo, ili shina la mkonga lifuate mkono wa mhuishaji huku ncha ikijipinda yenyewe. Kikikosekana, mhuishaji hulazimika ama kuizima hesabu yote au kuisahihisha fremu kwa fremu, na kazi iliyokusudiwa kupunguzwa humrudia.