Chakula cha Safarini na Amana ya Risiti



Zamani aliyeaga nyumbani kwa safari ya kazi alikuwa baharia au mfanyabiashara. Leo anayeaga ni mwalimu, muuguzi, mhasibu au afisa wa kaunti, na mara nyingi ni mama wa nyumba yenyewe. Tangu serikali za kaunti zianze kazi mwaka 2013, mikutano na mafunzo ya Nairobi yamekuwa sehemu ya maisha ya watumishi wengi wa Pwani. Na tangu treni ya Madaraka Express ianze kubeba abiria mwaka 2017, mtu hupanda Miritini asubuhi na alasiri yuko Nairobi. Safari imekuwa nyepesi, lakini msafiri bado hula mbali na jiko lake na mbali na macho ya ahali zake. Huko mezani, mara tatu kwa siku, dini yake hupimwa.

Wahenga walisema mwenye njaa hana miiko. Aliyekaa mkutanoni tangu saa mbili asubuhi, kisha akapewa saa moja tu ya kula, huingia mlango wa kwanza anaouona. Kwa hiyo mahali pa kula pachaguliwe jana yake usiku, wakati tumbo limetulia na akili inafanya kazi. Nairobi haina uhaba wa chakula cha halali. Pembezoni mwa Msikiti wa Jamia, katikati ya mji, zipo hoteli za Waislamu, na mle msikitini wanawake wana sehemu yao ya kusalia. Mtaa wa Eastleigh nao umejaa mikahawa ya ndugu zetu Wasomali, yenye wali, nyama ya mbuzi na ya ngamia, na chai ya maziwa yenye viungo.

Ukiwa mbali na mitaa hiyo, uliza kwa upole. Nani aliyechinja? Je, nguruwe hupikwa katika jiko hili au hukaangwa katika mafuta haya? Katika machinjio mengi ya nchi yetu wachinjaji ni Waislamu, ili nyama iweze kuuzwa kwa watu wote, lakini kuku mara nyingi huchinjwa nyuma ya hoteli na yeyote aliyepo. Usiporidhika na jibu, riziki ya Mola ni pana: kuna samaki, mayai, maharagwe, ugali na sukuma wiki. Hata githeri uliza kama imetiwa nyama.

Lakini tusivuke mpaka. Watu walimwendea Mtume (SAW) wakimweleza kwamba huletewa nyama na Waislamu wapya, nao hawajui kama jina la Mwenyezi Mungu limetajwa wakati wa kuchinja. Aliwaelekeza wao wenyewe wataje jina la Mwenyezi Mungu, kisha wale. Basi kumhoji Muislamu mwenzako ndani ya hoteli yake kama hakimu anavyomhoji mshtakiwa si ucha Mungu. Ni kumdhania vibaya.

Saa hiyo moja ya mchana ina haki mbili, ya tumbo na ya sala. Kwa madhehebu ya Imamu Shafi, tunayoyafuata wengi wetu hapa Pwani, anayenuia kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia na siku ya kutoka, hana tena rukhsa ya kupunguza wala kukusanya sala akiwa hapo. Anayefika Jumatatu na kuondoka Ijumaa ana siku tatu tu kamili, hivyo rukhsa yake ipo, na anaweza kuiunganisha adhuhuri na alasiri. Anayefika Jumapili na kuondoka Jumamosi ana siku tano. Huyo asali sala zake kamili na kwa nyakati zake, naye achague hoteli iliyo karibu na mahali pa kusalia.

Kuna meza nyingine inayowatatiza wengi, nayo ni ya usiku, wafanyakazi wenza wanapoalikana na pombe ikaletwa. Mtume (SAW) amekataza kukaa kwenye meza inayozungushiwa pombe. Aliyealikwa atoe udhuru mapema, na apendekeze wakutane kwa chakula cha mchana. Watu waungwana huelewa, na wengi humheshimu zaidi mwenye msimamo.

Kwa dada zetu nina neno la ziada. Hukumu ya safari ya mwanamke bila maharimu wake ina maelezo yake, na kila mmoja amuulize sheikh wake kabla ya kutoka. Aliyekwisha kufika, ale mapema kabla ya giza, pamoja na wanawake wenzake ikiwezekana, mahali penye mwanga na familia. Wala asione haya kununua chakula akakila chumbani kwake.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Yuko msafiri anayeuliza kwa makini nani aliyemchinja mbuzi, akasema bismillahi, akala kwa mkono wa kulia, akamhimidi Mola wake. Kisha humwita mhudumu na kumwambia, "Nimekula shilingi 350, lakini niandikie risiti ya 900." Nyama ilikuwa halali. Shilingi 550 alizozichuma kwa risiti ile ni haramu, naye ataziingiza nyumbani kama maziwa na unga wa watoto wake.

Tupambanue, kwani watu huchanganya. Mwajiri akikupa posho maalumu kwa kila siku, iwe umekula kingi au kidogo, nawe ukala maharagwe na chapati ukabakisha, kilichobaki ni chako, na kubana matumizi ni sifa njema. Lakini mwajiri akisema atakurudishia ulichotumia kwa mujibu wa risiti, fedha ile ni yake mpaka utumie, na unachodai ni kile ulicholipa tu. Kadhalika, ukilishwa na wenye semina, tazama kanuni ya kazini kwako kabla ya kudai chakula hicho hicho mara ya pili.

Mtume (SAW) alitahadharisha kwamba mtu aliyepewa kazi kisha akaficha hata sindano, hiyo ni khiyana atakayokuja nayo Siku ya Kiyama. Ikiwa sindano ina hesabu, risiti nayo ina hesabu. Pia umemshirikisha mhudumu maskini katika dhambi isiyokuwa yake, naye pengine alikuogopa au alitaka bakshishi. Na ametueleza Mtume (SAW) habari za msafiri mwenye nywele timtim na vumbi, anayeinua mikono kuomba dua, ilhali chakula chake na vazi lake ni haramu. Dua ya namna hiyo itajibiwa vipi? Msafiri ana fadhila ya kukubaliwa dua. Ni hasara kubwa kuiuza kwa shilingi 550.

Risiti ikipotea, andika kiasi cha kweli na ueleze kuwa imepotea. Ukikataliwa, bora hasara ya mfukoni. Aliyekwisha kuchukua kisichokuwa chake, arudishe. Toba ya haki ya watu haitimii kwa kulia msikitini na huku mali bado iko kabatini.

Na sisi tuliobaki nyumbani tuna sehemu yetu. Msafiri hajavua viatu tayari tunamuuliza, "Umetuletea nini? Umebakisha ngapi?" Orodha ya zawadi humfuata kwa simu tangu yuko ndani ya treni. Huenda sisi ndio tuliomsukuma kwenye risiti ile. Walikuwapo wake wema wa wahenga wetu waliowaambia waume zao wanapotoka kutafuta: njaa tutaivumilia, haramu hatuiwezi. Leo mke naye hutoka kutafuta, basi mume amwambie vivyo hivyo, na watoto wasikie.

Mwenyezi Mungu awalinde wasafiri wetu, awatosheleze kwa halali yake waepukane na haramu yake, na atie baraka katika kila kinacholetwa nyumbani, hata kikiwa kidogo. Amin.