Gongo Nalo Hupigwa

Sogeeni, watoto wa Nkubu na Runyenjes, niwaulize: katika besiboli, gongo na mpira vikikutana, nani humpiga mwenzake?

Mtasema gongo limeupiga mpira. Kweli, lakini hiyo ni nusu ya kisa. Papo hapo mpira nao hulipiga gongo, kwa nguvu ileile, kuelekea upande wa pili. Mwingereza Isaac Newton aliliandika jambo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1687, besiboli yenyewe haijazaliwa.

Mpira wa besiboli una gramu 145 hivi. Mrushaji hodari huutupa kwa kasi ya kilomita 145 kwa saa, naye mpigaji huurudisha ulikotoka, mbio kuliko ulivyokuja. Mgusano wa gongo na mpira huisha kabla hata sehemu moja ya elfu ya sekunde haijatimia! Ndiyo maana nguvu yake hukaribia uzito wa tani 2, kama pikapu ya miraa ya Maua kabla haijapakiwa. Gongo nalo hupokea tani hizohizo. Hata mkilichonga kwa muuru, mti wetu wa miteremko ya Mlima Kenya, halikwepi.

Hapo mjanja mmoja ataniuliza: nguvu zikiwa sawa na zinapingana, mbona mpira hautulii tuli? Swali zuri, na wakubwa wengi hulikosea. Nguvu hizo hazifutani kwa sababu kila moja ina wake wa kumsukuma: hii mpira, ile gongo. Mpira ni mwepesi, basi hugeuka na kuruka mbali. Gongo lina gramu 900 hivi, basi hupungua kasi tu. Na viganja vikiwaka, jueni mpira umeshakwenda zake. Mtikisiko hufika mikononi ukiwa umechelewa.

Tazameni na miguu. Mpigaji huisukuma ardhi, ardhi nayo humsukuma. Mvua ya Aprili ikilainisha udongo mwekundu, miguu huteleza na pigo hulegea. Msimcheke.

Watoto wa Lugazi, Uganda, walijifunza mchezo huu hadi mwaka 2012 wakafika Williamsport, Marekani, timu ya kwanza ya Afrika kushiriki mashindano ya dunia ya watoto. Nanyi anzeni na mpira wa matambara. Ila asisimame mtu karibu na mpigaji, gongo likimponyoka halichagui kichwa.