Nani Aandike, Nani Asome: Ruhusa za Kurasa za Wiki Kusini mwa Maniema

Ukurasa wa Kasongo, mji wa Maniema nchini Kongo, katika Wikipedia ya Kiswahili hauna mwenyewe. Mwalimu aliyeko Kabambare, mwenye simu na salio kidogo la intaneti, anaweza kubofya "hariri", akasahihisha jina la mto, na papo hapo dunia nzima ikasoma. Wengi wakisikia hivyo hushtuka: je, akija mwongo? Swali lao ni la haki, ila ulinzi wa wiki hauko mlangoni. Uko kwenye historia ya ukurasa, ambako kila toleo hubaki pamoja na saa lilipoandikwa na alama ya aliyeliandika, na toleo zuri la jana hurudishwa kwa mbofyo mmoja.

Thamani ya historia hiyo inaonekana Nyangwe, si mbali na Kasongo, kando ya Lualaba. Tarehe 15 Julai 1871 mmisionari David Livingstone alishuhudia watu wa wafanyabiashara wa watumwa wakiufyatulia risasi umati wa sokoni, wengi wao wanawake. Karatasi zilikuwa zimemwishia, akaandika juu ya gazeti kuukuu kwa wino wa matunda. Baadaye alinakili habari hizo katika shajara kubwa, na rafiki yake Horace Waller akazichapa kitabuni mwaka 1874, Livingstone akiwa ameshafariki. Maandishi ya kwanza yalififia hata yasisomeke. Mwaka 2011 ndipo wataalamu, kwa kupiga picha zenye mwanga wa rangi mbalimbali, walipoweza kuyatoa hadharani. Ikaonekana kwamba hapo mwanzo Livingstone alikuwa na mashaka hata juu ya watu wa msafara wake mwenyewe, na mashaka hayo yalipungua alipoandika upya. Wasomaji walisubiri miaka 140 kulinganisha matoleo mawili. Katika wiki ulinganisho huo uko wazi kwa msomaji yeyote, siku ile ile.

Zipo kurasa ambazo historia peke yake haizitoshi. Chukua ukurasa wa Tippu Tip, mfanyabiashara wa watumwa na pembe za ndovu aliyeifanya Kasongo kuwa kitovu cha utawala wake. Watu hugombana juu yake hadi leo, na kila upande una la kufuta. Mabishano yakichacha, mkabidhi (msimamizi wa wiki) anaweza kuulinda ukurasa nusu, yaani wageni na akaunti mpya wasihariri. Kwa kawaida ya miradi ya Wikimedia, shirika mama la Wikipedia, akaunti huhesabiwa imekomaa baada ya siku 4. Wikipedia ya Kiingereza huongeza sharti la mahariri 10. Ulinzi kamili huwaachia wakabidhi peke yao. Mimi napendelea ulinzi wa nusu, wenye tarehe ya kuisha, na sababu iandikwe. Funguo zikikaa mikononi mwa wachache bila kuulizwa, huwa hatari kuliko wahuni. Ripoti iliyotolewa na shirika la Wikimedia mwaka 2021 ilieleza jinsi kundi dogo la wakabidhi lilivyoishika Wikipedia ya Kikroeshia kwa karibu miaka 10 na kupotosha historia ya nchi.

Kumzuia mtu nako kuna madhara ambayo watu wa miji yenye nyaya za intaneti hawayaoni. Kampuni za simu huwapa wateja wengi anwani moja ya mtandao. Mkabidhi akiifungia anwani kwa sababu ya mhuni mmoja, wahariri waaminifu wanaotumia mtandao ule ule nao hufungiwa, na wahariri wa Afrika wameilalamikia hali hiyo mara nyingi. Dawa ipo: aliye na akaunti yenye kazi njema anaweza kuomba kuondolewa katika zuio hilo.

Kusoma ni habari nyingine kabisa, na hapa nanasihi kwa nguvu. MediaWiki, programu inayoendesha Wikipedia, haikuundwa kutunza siri. Wasanifu wake wenyewe wanaonya hivyo. Unaweza kuifunga wiki nzima wasiingie ila wenye akaunti. Ukitaka kuficha ukurasa mmoja ndani ya wiki iliyo wazi, maneno yake yanaweza kuchungulia kwenye matokeo ya utafutaji au ndani ya ukurasa mwingine unaoyavuta.

Fikiria chama kinachoandika habari za Salamabila, katika eneo la Kabambare, penye dhahabu ya Namoya, ambako watu wenye silaha wamewahi kuteka wafanyakazi wa mgodi. Kikiandika mwongozo wa afya, wasome wote. Majina ya walioshuhudia utekaji yasikae kwenye wiki hiyo hata kidogo. Kama ni lazima vyote viwe kwenye programu moja, DokuWiki ina ruhusa za kila fungu la kurasa ndani yake yenyewe: kundi hili lisome tu, lile lihariri, jingine lisione kitu. Huhifadhi kurasa kama faili za maandishi, haihitaji hifadhidata, hivyo hata kompyuta ya zamani inaimudu. Lakini ina tundu moja: usipobadilisha mipangilio yake, jina la fungu lililofungwa huonekana bado katika orodha ya kurasa. Fungu lenye jina la kijiji na neno "mashahidi" limeshatoboa siri bila kufunguliwa. Chaguo la kuyaficha majina hayo lipo. Liwashwe kabla mtu wa kwanza hajaandika.

Na ikiwa jina la shahidi limeshaingia kwenye wiki ya wazi, kulifuta hakutoshi. Historia ile ile inayotulinda na mwongo italitunza katika toleo la jana. Mkabidhi anapaswa kulificha toleo lenyewe, na wapo watumiaji wa ngazi nyingine wanaoweza kulificha hata machoni pa wakabidhi. Ombi hilo lipelekwe kwa baruapepe. Ukurasa wa majadiliano nao husomwa na wote, na una historia yake.